Mpima Ardhi Katika Jiji la Nyaya

6 Machi

Daftari hili nililinunua ili niandike saa za dawa za baba. Nimejaza kurasa mbili tu, baba akanipokonya kazi. Dawa zake anazijua zote kwa majina, rangi na saa, na jana alinisahihisha mara mbili mbele ya muuza dawa. Daftari limebaki halina shughuli, na mimi sipendi kitu kikae bure. Nitaandika habari zetu za masika haya.

Mambo yenyewe ni haya. Mimi ni fundi wa redio na televisheni. Karakana yangu iko mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi, na kwa sasa imeshikwa na fundi mwenzangu. Nimerudi nyumbani tangu mwezi wa kwanza, kiharusi kilipompiga baba. Ulimi kilimwachia, kwa hiyo nyumba bado ina kelele zake. Kilichochukuliwa ni mkono wa kulia, na mguu wa upande huo unaburuta kidogo. Mama hatunaye mwaka wa sita sasa. Baba alikuwa mpima ardhi, miaka thelathini na minane ya kutembea na mnyororo wa vipimo, na mpaka leo akiingia chumba cha mtu anakadiria upana wake kabla ya kusalimia.

Leo kaka amepiga simu. Kaka ni mkaguzi wa shule, na ukaguzi hajui kuuacha kazini.

"Mvua zikiisha nakuja kumchukua," akasema. "Atakaa kwangu. Nyumba tutampangisha mtu."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Mgonjwa haulizwi, dada. Mgonjwa anahudumiwa."

Baba alikuwa ameketi hapo hapo, simu nimeiweka sauti ya juu. Akasema, "Mwambie nitahamia kwake siku nikiwa maiti."

Hapo mimi, bila kushauriwa na mtu, nikafungua mdomo. Nikamwambia kaka kwamba mvua zikiisha baba atakuwa anafunga vifungo vyote vya shati mwenyewe, anamimina chai mwenyewe na kuandika jina lake kwa mkono wa kulia. Akishindwa hata kimoja, amchukue. Akiviweza vyote, anabaki nyumbani kwake na mjadala umekwisha. Kaka akakubali haraka sana, maana hakuamini hata neno moja. Baba akanitazama kama fundi aliyeahidi kazi ya wiki kuimaliza kesho.

"Umeniuza," akasema.

"Utaweza, baba. Mimi sina wasiwasi."

Kweli sina. Wasiwasi utanisaidia nini?

7 Machi

Alhamisi. Amekuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole ambaye kila sentensi yake inaanza na "nyosha". Tumempa jina la Bwana Nyosha, yeye hajui. Amemletea baba mpira laini wa kubonyeza. Alipoondoka tu, baba akautupa dirishani kwa mkono wa kushoto. Umeingia kwenye mtaro wa jirani.

"Mimi si mtoto wa kuchezea mpira," akasema.

10 Machi

Nimepata dawa, na haikuwa ya duka la dawa.

Chini ya kitanda cha chumba changu cha zamani kulikuwa na sanduku, na ndani yake ile mashine ya gemu tuliyonunuliwa mimi na kaka tukiwa shule ya msingi. Imelala humo zaidi ya miaka ishirini. Nimeifungua leo asubuhi. Kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zilikuwa zimevimba, nikazitoa na kuchomelea nyingine. Miguu ya kaseti nikaisugua kwa spiriti hadi ikang'aa. Kidhibiti kimoja cha vitufe kilikuwa kimeliwa waya na panya, kingine kizima. Saa saba mchana picha ikatokea kwenye televisheni, na sauti ile ya mwanzo, tiii-tu-tuu, ikanipiga kifuani nikaketi chini.

Kaseti iliyobaki ni moja. Karatasi yake ya jina ilibanduka zamani, sisi tuliita gemu lile Jiji la Nyaya. Ni jiji la maghorofa na kompyuta, lakini lina majini na wachawi pia. Taa zote za jiji zinawaka kwa nguvu za jini mmoja mwanamke ambaye Kampuni imemfungia ndani ya mtambo wa umeme, na hakuna anayejua mtambo wenyewe uko wapi. Wewe unaongoza watu watatu. Kuna msichana tarishi mwenye mkono wa chuma, kuna mganga anayevuta uchawi wake kutoka kwenye nguzo za umeme, na kuna zimwi, fundi wa kompyuta, mpole kuliko wote. Ukipigana na kushinda wanapanda daraja na uhai wao unaongezeka. Kazi yako ni kutafuta mtambo na kumfungua jini.

Kaka husema alilimaliza gemu hili akiwa kidato cha pili. Nililimaliza mimi, likizo moja alipokuwa kwa shangazi, na sikumwambia mtu. Ninajua kila uchochoro wa jiji lile.

Nimemwekea baba kidhibiti mapajani.

"Hiki ni nini?"

"Mazoezi."

"Bwana Nyosha amekiona?"

"Ataona matokeo."

Akamtazama msichana kwenye kioo cha televisheni. "Ana bahati huyu. Mkono wake unakubali kubadilishwa."

11 Machi

Mvua ya kwanza. Baba amecheza robo saa. Dole gumba halisikii amri, na msichana amegonga ukuta ule ule wa chumba cha mwanzo muda wote.

"Amelewa?" baba akauliza.

Nikamwambia apite mlango wa kulia, nyuma ya duka la betri. Akaniambia ninyamaze.

12 Machi

Ukuta. Mvua.

13 Machi

Ukuta. Tumecheka hadi mbavu zikauma.

15 Machi

Ametoka kwenye kile chumba! Nilipiga kelele, jirani akagonga kuuliza kama mzee yuko salama.

19 Machi

Umeme umekatika mara tatu leo. Katika gemu hili huwezi kuhifadhi safari yako popote. Ni mpaka ufike kibanda cha simu, na vibanda viko mbali mbali. Umeme ukikatika kabla hujafika, unaanza ulikotoka. Mara ya tatu mimi ndiye niliyetukana. Baba alikaa gizani kidogo, umeme uliporudi akaanza tena bila neno.

"Hukasiriki?" nikamuuliza.

"Nimewahi kupima bonde zima, mvua ikalowesha daftari, nikarudi kulipima upya. Bonde halikuwa na haraka na mimi."

Kisha akaomba karatasi za miraba na penseli.

20 Machi

Ninaandika kirefu leo kwa sababu nimemwona baba wa zamani.

Gemu halina ramani. Sisi utotoni tulikuwa tunapotea tu mpaka tuzoee. Baba amekataa kupotea. Amegundua kwamba hatua moja ya msichana haibadiliki, sasa anahesabu hatua kutoka kibanda cha simu hadi kona, kutoka kona hadi mlango, na kila hatua ni mraba mmoja wa karatasi. Anatembeza msichana kwa mkono mmoja na nusu, anasimama, anaweka kidhibiti chini, anachukua penseli.

Penseli kwa mkono wa kulia! Ilimtoka mara tano. Niliinuka kumwandikia, akanikata jicho. Basi nikafanya ninachokijua. Nilichukua utepe wa nyaya nikaizungushia penseli mpaka ikawa nene kama gunzi la mhindi. Ikakaa mkononi. Mstari wa kwanza ulikwenda upogo, wa pili upogo, wa kumi ukawa karibu na mstari.

Chini ya kila karatasi anaandika tarehe, hali ya hewa (ya kwetu, siyo ya jijini), na hesabu ya wale watu watatu kabla ya kuzima: msichana daraja la nne, uhai sitini na mbili, mganga daraja la tatu, uhai arobaini. Nikamuuliza hayo ya nini.

"Kazi isiyoandikwa haijafanyika," akasema.

28 Machi

Bwana Nyosha amepima mkono, akakunja uso, akapima tena. "Mzee, unafanya nini?" Baba akajibu kwa uso mkavu kabisa kwamba anamtafuta jini. Kijana akanigeukia mimi. Nilimweleza habari za gemu kwa fahari, nikatia na chumvi kidogo kuhusu ubunifu wangu. Akaandika kwenye faili lake.

2 Aprili

Mvua siku nzima. Hakuna jipya.

5 Aprili

Kaka amepiga. "Vifungo vimefika vingapi?"

"Viwili," nikasema. Kweli ni kimoja na nusu.

"Shati la kawaida lina saba."

"Kaka, asante, nimewahi kuona shati."

8 Aprili

Fundi mwenzangu amepiga simu. Hospitali moja kule inataka tuwatengenezee televisheni zote za wodini, kazi ya miezi, na wanataka mafundi wawili. Ameuliza ninarudi lini. Nimemwambia asubiri mvua ziishe. Nilitoka nje kuongea ili baba asisikie.

14 Aprili

Baba amekwama ghorofa ya tatu ya mnara wa Kampuni. Walinzi wa mle ndani ni wakali, watu wake bado dhaifu. Siku ya nne sasa anapigwa, anarudishwa kibanda cha simu, anapanda, anapigwa. Nilimwambia kuna upanga umefichwa kwenye lifti mbovu.

"Nyamaza, mama."

Vifungo bado viwili. Nimehesabu wiki zilizobaki, na kwa mara ya kwanza nimeona kwamba naweza kushindwa.

15 Aprili

Baba hulala baada ya chakula cha mchana, saa nzima na dakika kumi, ungedhani ameweka kengele. Leo alipolala nimewasha mashine nikapunguza sauti. Sikusogea mbele hata hatua. Nilizunguka tu mitaa ya nyuma ya soko nikipigana na mbwa wa umeme mpaka msichana akapanda daraja moja. Nikahifadhi pale pale kwenye kibanda chake, nikazima. Msaada mdogo tu. Akishinda atachangamka, akichangamka mkono utamfuata.

16 Aprili

Tena. Wamepanda wote.

17 Aprili

Tena. Jioni baba amewashinda walinzi wa ghorofa ya tatu. Nilishangilia. Yeye alikaa anaangalia karatasi zake.

18 Aprili

Bwana Nyosha amesema uso wa mzee umepoa leo, yaani uchangamfu haupo. Ameuliza kama analala vizuri. Baba akasema analala.

19 Aprili

Amekataa kucheza. Anasema macho yanauma. Amesoma karatasi zake mchana kutwa, anarudia zile zile.

21 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia asubuhi.

Baada ya chai baba aliniita mezani. Alikuwa amepanga karatasi zake mstari mmoja kwa tarehe. Akaniambia niketi. Nilidhani anataka kunionyesha ghorofa ya nne.

"Soma hapa."

Nikasoma. Tarehe kumi na nne, msichana daraja la kumi na nne, uhai mia moja sitini na nane.

"Na hapa. Kabla sijaanza kucheza."

Tarehe kumi na tano jioni, daraja la kumi na tano. Tarehe kumi na sita, la kumi na sita. Kila siku alikuwa ameandika alivyowaacha na alivyowakuta, na kila siku havikulingana.

"Siku ya kwanza," baba akasema, "nilijua nimekosea mimi. Mpima hujishuku mwenyewe kabla ya kuishuku ardhi. Siku ya pili nikaandika kwa makini zaidi, nikasoma kwa sauti ili nisisahau. Ya tatu nikakuta tofauti ileile. Unajua niliwaza nini?"

Nikazisoma namba zile tena.

"Niliwaza kichwa kimeanza kuondoka. Daktari alituambia, hukumbuki? Alisema kiharusi kinaweza kurudi kimya kimya, kikaanza na kumbukumbu. Siku tatu, mwanangu, nimekaa nikijitazama jinsi ninavyopotea. Nimejijaribu majina ya wajukuu. Nimejijaribu mipaka ya mashamba niliyopima kabla hujazaliwa. Yote ninayo. Jana nimelala macho wazi baada ya chakula, nikasikia mashine inawaka."

Jana nilikuwa nimeiwasha, kweli, nikaizima baada ya dakika mbili maana jirani alibisha hodi.

"Baba, nilitaka tu kukusaidia."

"Ningekuomba."

"Huombi! Wewe huombi kitu hata siku moja! Wiki zinakwisha, kaka anakuja, vifungo viwili, unategemea nini?"

Nilikuwa nimesimama, sauti imepanda. Baba hakupandisha yake.

"Mkono huu nikiupata, nimeupata. Nisipoupata, nitajua kwamba sikuupata. Wewe umeninyima hata kujua niko wapi."

Nililia kama mtoto, mimi na umri wangu huu. Nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, na nikaona kweli amenisamehe, lakini hakunifariji. Aliwasha mashine, akaenda mahali pa kufuta safari, ikauliza kama ana hakika, akabonyeza ndiyo. Akatumia dole gumba la kulia. Wiki sita zimekwenda.

Nilimwambia amekosa akili. Akaniambia nimpe karatasi mpya.

22 Aprili

Msichana yuko kwenye chumba cha mwanzo. Daraja la kwanza, uhai ishirini.

Mimi nimekaa jikoni. Nimemkasirikia baba, kisha nimejikasirikia, kisha nikachemsha viazi.

24 Aprili

Mvua kubwa, mtaro umefurika, mpira wa Bwana Nyosha umepita mlangoni kwetu ukielea. Baba aliuona, akaupungia mkono.

27 Aprili

Jambo la ajabu. Kwa kuwa ramani anayo, baba hapotei tena. Amefika kwa siku tano mahali palipomchukua mwezi mzima. Na nimeona kitu ambacho fundi mzima nilipaswa kukiona mapema: ameanza kubandua utepe wa penseli. Kila siku chache anatoa mzunguko mmoja. Nilidhani kitakachomponya ni vitufe, kumbe vitufe ni sehemu ndogo. Mkono umepona kwenye penseli, kwa mistari ile, mamia kwa mamia, ambayo hakuna aliyemwagiza aichore.

Nami nilikuwa nimeshajisifu kwa Bwana Nyosha.

2 Mei

Vifungo vinne. Bwana Nyosha ameomba kuiona ramani. Amekaa nayo nusu saa zaidi ya muda wake, akasahau kusema nyosha.

6 Mei

Ghorofa ya tatu imeanguka, bila upanga wa kwenye lifti. Alikuwa na subira ya kujenga watu wake mwenyewe. Nilikuwa nyuma yake na mdomo nimeuziba kwa kitambaa cha vyombo.

11 Mei

Fundi mwenzangu amepiga tena. Hospitali haitangoja kupita mwisho wa mwezi. Nimemwambia atafute mtu mwingine, baba ananihitaji. Nilikuwa uani, chini ya mwavuli. Niliporudi ndani baba akaniuliza nani. Nikasema mteja.

15 Mei

Jua saa mbili nzima. Vifungo sita. Cha saba ni cha shingoni, mkorofi.

19 Mei

Chai imemwagika. Birika letu zito. Nimemwambia tununue dogo. Amesema mkaguzi hatakubali vifaa vipya siku ya mtihani.

22 Mei

Chai imemwagika.

24 Mei

Hakuna mvua siku ya nne. Kaka amesema yuko njiani. Nimemwambia baba kwamba sina wasiwasi, akanijibu kwamba nimesema hivyo mara tatu tangu asubuhi.

25 Mei

Kaka amefika saa nne, na begi tupu kubwa la nguo za baba. Begi lile liliniuma kuliko maneno yote ya simu. Amemkumbatia baba muda mrefu. Nilikuwa nimesahau kwamba anampenda. Ukaguzi wake wote ule ni hofu iliyovaa tai.

Hatukupoteza muda. Baba alitoka chumbani na shati limefunguka, akaketi mbele yetu, akaanza kutoka chini. Kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mkono unakwenda polepole lakini unajua njia. Cha tano kilimkwepa mara nne. Kaka akainua mkono wake kumsaidia, nafikiri bila kujua, nikamshika kiganja. Hatujashikana mikono tangu mazishi ya mama. Tulibaki hivyo hivyo. Cha sita. Cha shingoni kilichukua muda mrefu hata nikasikia saa ya ukutani, na jasho lilimtoka baba kwenye paji. Kikaingia. Dakika kumi na moja, kaka alikuwa amezihesabu.

Chai ikafuata. Birika lile lile. Akamimina vikombe vitatu, cha tatu kikamwagikia kisahani.

"Imemwagika," kaka akasema taratibu.

"Kwenye kisahani," nikasema. "Kisahani kimewekwa kwa ajili hiyo. Ungekuwa mwaminifu ungeangalia na chako, nacho kimelowa."

Kaka alitazama kisahani chake, akacheka. Akasema kimepita.

Akamsogezea baba karatasi ya jina. Baba akasema haina haja, jina limeshaandikwa, likatafutwe ukutani. Tukaingia chumba cha televisheni. Karatasi zote arobaini na tatu zimebandikwa, Jiji la Nyaya kutoka kibanda cha kwanza hadi ghorofa ya nane, kila kona na hesabu yake, na chini kulia, kama alivyozoea kazini, jina lake kamili, cheo chake na tarehe ya jana. Herufi zinatetemeka. Zinasomeka zote.

Kaka alisimama pale na begi lake. Alifuata mitaa kwa kidole, akafika ghorofa ya tano akasimama.

"Hapa," akasema. "Mimi hapa ndipo nilipoishia. Gemu hili sikulimaliza, jamani. Niliwadanganya."

"Tunajua," tukasema mimi na baba pamoja.

Alifuta macho, akasema sawa, mzee atabaki. "Ila kwa sharti, dada aendelee kukaa naye."

"Nakaa," nikasema. "Nimeshapanga."

"Hapana," baba akasema.

Akaketi. Akatuambia tuketi.

"Mimi nabaki. Yeye anarudi karakana kwake Jumatatu. Ile kazi ya hospitali bado ipo. Nilimpigia yule fundi mwenzie jana, nikamwomba amshikie nafasi."

"Baba, ulisikia?"

"Unaongea uani kwa kelele, mama, mwavuli hauzuii sauti."

Nikamwambia hawezi kukaa peke yake. Nikahesabu mambo: bafu, jiko, mguu, dawa. Kaka akaniunga mkono, sisi wawili ambao miezi mitatu hatukukubaliana hata juu ya shati. Baba alisubiri tukaishiwa.

"Jirani atapita asubuhi na jioni, nimeongea naye. Bwana Nyosha yupo Alhamisi. Mimi si mlemavu tena, nachelewa tu. Na nataka nichelewe kwangu." Kisha akanigeukia mimi peke yangu. "Kaka yako alikuja kunichukua kwa sababu anaogopa nitaanguka. Wewe unakaa kwa sababu gani?"

Nilikuwa na majibu matano, yote mazuri. Nikafungua mdomo, likatoka la sita.

"Nikiondoka, na kiharusi kikarudi, sitakuwepo."

"Kikirudi kitarudi hata ukiwa jikoni," baba akasema. "Mkono wangu nimeutafuta mwenyewe na nimeupata. Sasa nenda kaitumie mikono yako."

Nilikwenda chumbani, nikarudi kumwomba kaka lile begi. Nguo zangu zimeingia zote.

27 Mei

Nimeondoka. Baba alinisindikiza hadi getini, akasimama bila kushika ukuta.

8 Juni

Hospitali ina televisheni thelathini na sita, na hakuna hata moja inayougua ugonjwa wa mwenzake. Narudi karakana mikono inanuka risasi ya kuchomelea, na nimekiri kwa fundi mwenzangu kwamba nilikuwa nimeimisi harufu hii.

Baba amepiga leo mchana. Amefika ghorofa ya tisa, ya mwisho, na mtambo haupo. Ameupima mnara wote upya, chumba kwa chumba. Siku ya sita sasa anazunguka. Aliniambia hesabu zote, hatua ngapi kutoka wapi hadi wapi.

Najua mlango wa mtambo ulipo. Ameupita kila siku tangu Machi. Ningesema maneno manne tu.

Nilimuuliza anakula nini. Akasema viazi, na kwamba amevimenya kwa mkono wa kulia, vimetoka vidogo. Tukaagana. Nilikaa na simu mkononi nikilia kidogo, fundi mwenzangu akajifanya anatafuta bisibisi. Ataupata ule mlango mwenyewe, hata ukimchukua mwezi. Na siku atakapoupata, nina hakika atanipigia mimi kabla ya kaka.